Ndama wa Ngozi na Mlango wa Podo

Kuna siku moja, mjukuu wangu Guyo, nikiikumbuka mpaka leo uso unaniwaka kwa aibu. Na leo umenikumbusha wewe.

Nilikuwa kijana, nachunga ng'ombe wa baba huko Minjila, ukame umekaza. Ndama akafa. Nikaketi namchuna, ngozi niijaze nyasi, maana ng'ombe mama asipomwona ndama, hata wa ngozi, maziwa huyabana. Nilishona kwa makini, machozi yananidondoka. Kumbe ng'ombe mama mwenyewe ameshuka mtoni kunywa, amezama kwenye tope hadi kifuani!

Baba mdogo akanikuta. "We mpumbavu! Huyo ndama wa ngozi atamnyonya nani? Mama yake si yule anazama?"

Niliitupa ile ngozi, nikakimbilia mtoni. Tulimvuta kwa kamba mpaka viganja vikachubuka. Akatoka anatetemeka, lakini alitoka.

Sasa wewe unanijia hapa Garsen na fulana yenye picha ya bundi kifuani. Unanieleza kwa uchungu kwamba bundi huyo aliishi kisiwa cha mbali, watu wakaumaliza msitu wake, na sasa hayuko tena duniani. Haya, nimemhurumia, ingawa bundi sisi hatumpendi. Nikakuuliza, mlango wa nyumba yako mpya je?

"Wa podo, babu. Mbao zinakuja na lori kutoka milimani."

Lo! Si wewe uliyenisomea jana kwenye simu kwamba mti wa podo, jamaa ya misonobari, nao unakaribia kwisha?

"Ndiyo babu, lakini..."

Lakini nini? Hebu nyamaza!

Bundi huyo hata umlilie mpaka macho yatoke, harudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Podo bado unapumua huko mlimani, nawe unamlipa mwenye shoka! Unashona ngozi, Guyo, kama mimi.

Nakuusia hivi: aliyekufa mwombee, lakini mkono wako umfikie kwanza aliye hai. Mpigie huyo mwenye lori, nikisikia, umwambie hutaki. Mathenge, ule mti wa miiba wa kuja, umetuvamia hapa mpaka malishoni, kata mbao za mlango mpaka uchoke. Yule ng'ombe alizaa tena, na maziwa ya chai uliyokunywa asubuhi ni ya uzao wake.

Mungu akupe macho ya kumwona anayezama, na nguvu ya kumvuta. Amin. Haya, simu iko wapi?