Nilimwachia Mke Wangu Lawama ya Breki Nilizofunga Mimi

Mimi ni mwongo, wasomaji wenzangu, na nilidanganya bila kutamka neno hata moja la uongo. Mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha. Jina langu niachieni.

Naishi Kiembeni. Nina gari la zamani, nimeachiwa na marehemu baba yangu, na breki zake za mbele zilikuwa zimechoka. Badala ya kulipeleka kwa fundi, nilikwenda Changamwe kwa wauza spea kuukuu, nikachagua diski pana za gari la kisasa zaidi, nikazifunga mwenyewe uani. Nilikuwa nimetazama video kwenye simu. Eti na mimi fundi! Zilikaa vizuri, wallahi, nikajisifu peke yangu.

Ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba ya mafuta ya breki. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja hukanyaga pedali, mwengine huwa chini gurudumuni akifungua nati ili upepo utoke. Nati ikiwa wazi, pedali haiachiliwi, la sivyo upepo hurudi ndani. Mimi nililijua hilo. Mke wangu, niliyemwita kutoka jikoni na unga mikononi, hakulijua, wala sikumweleza.

Kwenye gurudumu la mwisho nikafungua nati. Akauliza, "Na sasa?"

"Wacha!" nikamwambia. Nilitaka auwache mguu pale pale ulipo. Yeye akauondoa.

Nikasikia upepo ukifyonzwa kurudi ndani. Nilitoka pale chini nikamtukana kama si mke wangu wa ndoa.

"Si umenambia niwache?" akasema. "Nami nimewacha."

Ilinipasa kuanza upya. Lakini wenzangu walikuwa barazani wakinisubiri niwaonyeshe gari, kwa hiyo nilikaza nati, nikaongeza mafuta, basi. Kabla hajashuka, mke wangu akajaribu tena pedali.

"Mwenzangu, hii yazama," akasema. "Haishiki mpaka niikanyage mara ya pili."

"Nenda kapike," nikamjibu. Laiti ningekatwa ulimi!

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunamrudisha mama wa mke wangu kwake Timbwani. Alikuwa amekuja kututembelea. Nilimketisha mbele, kwa heshima, na mke wangu akakaa nyuma. Tulipokuwa tukiteremka kuelekea barabara kuu, mbele yetu lilisimama lori. Nikakanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini. Nikakanyaga tena.

"Mwanangu, pole pole," mama akasema kwa sauti ndogo. Hata wakati ule aliona haya kumpigia mkwewe kelele.

Tuliingia chini ya lile lori upande aliokaa yeye. Alilazwa siku chache, hakusema tena, akafariki. Ewe Mola wangu!

Sasa sikieni kosa langu, maana hilo la breki bado lingeweza kuitwa ajali. Matangani, kaka mkubwa wa mke wangu alinikalia karibu akaniuliza, "Shemeji, hebu nambie, ilikuwaje?" Watu wote wakanigeukia. Niliogopa. Nikasema, "Tulikuwa tukitoa upepo kwenye breki, dada yako akaondoa mguu."

Ni kweli, aliondoa. Lakini sikusema ni nani aliyemwambia awache. Sikusema kwamba alinionya. Mke wangu alikuwa chumba cha pili na wanawake, mlango uko wazi, akasikia kila neno. Hakunibishia. Alikuwa amechanganyikiwa kwa msiba, akaniamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikimkuta ameketi kwenye msala, swala imekwisha zamani, anautazama mguu wake wa kulia. Alikonda. Alikuwa na hakika kwamba mama yake ameondoka bila kumpa radhi. Nami nilikuwa nikimletea chai na kumwambia, "Ni kudra ya Mungu." Mnaniona nilivyo mtu?

Alipoalikwa harusi ya binti wa kaka yake, alikataa. "Aliyemuua mamake aende kupiga vigelegele?" akasema. Hapo moyo wangu ulinishinda. Nikamwambia yote, nikilia.

Yeye hakulia. Alinitazama mpaka nikainamisha macho. "Kumbe miye nimemuomba mama radhi kwa dhambi yako?" akasema. Kisha akauliza, "Na ndugu zangu wajua?"

"Bado."

"Basi nenda kawambie. Ukisha, usirudi kwangu."

Nilikwenda. Kaka yake hakunipiga, heri angenipiga! Aliinuka akaenda kumchukua dada yake, na sasa mke wangu yuko Timbwani, nyumbani kwa marehemu mama yake. Nasikia siku hizi anakula. Nafurahi, ingawa mimi mwenyewe chakula hakipiti.

Wenzangu mnaojifungia breki uani, pedali ikizama msiliondoe gari, hata mkisubiriwa na mfalme. Na mtu akifa kwa mkono wako, sema ni mkono wako kabla maiti hajatoka nyumbani. Usingoje moyo ukushinde. Mimi nilingoja, na mke wangu, aliyekuwa amefiwa na mama, hakupata kumlilia. Alikuwa akimwomba radhi kwa kosa lisilo lake.