Jembe la Kwanza

Ukimkuta Skolastika asubuhi kwenye lifti ya ofisi yao pale Posta, Dar es Salaam, kitambulisho shingoni, kompyuta mgongoni, utasema huyu kazaliwa Upanga. Thubutu! Huyu ni mtoto wa Mgeta, wa kule juu kwenye kabichi na njegere, ambako mwezi wa saba watu wanavaa masweta mawili na bado wanaota moto. Anafanya kazi kwenye kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu. Kwao wanaitaja kazi hiyo kwa kunyanyua nyusi, ingawa hakuna anayejua hasa anafanya nini.

Anafanya hivi: anakwenda kwenye makampuni ya watu kuuliza maswali. Hii mliinunua lini, nani aliidhinisha, risiti iko wapi, hebu twende stoo tukaione. Mkaguzi hapendwi jamani. Akiingia kantini watu wanashusha sauti, na chumba anachopewa ni kile chenye feni mbovu. Akishapata majibu, bosi wake anayarudisha na maswali mengine juu. Tena kila saa ya siku lazima aandike ameitumia kwa mteja gani, mpaka siku moja akiwa saluni anasukwa alijikuta anawaza saa zile aziandike kwa nani.

Msimu wao mzito ni Januari hadi Machi. Hapo harusi huendi, msibani unatuma rambirambi, mchumba akikuchoka unamwelewa. Na ndio msimu huohuo ambao kule mlimani masika yanakaribia na watu wanaandaa mashamba.

Sasa, Waluguru wa kule kwao ardhi inakwenda kwa upande wa mama. Mama yake Skolastika alipofariki alimwachia shamba la ngazi, la matuta yaliyokatwa mlimani, lile la chini ya njia ya misheni, na msimamizi wa ukoo ni mjomba Agustino. Ukoo wao una desturi yake. Kila mwaka kabla ya mvua, siku moja ya Jumamosi, wote wanapita shamba kwa shamba pamoja na mjomba, na kila mtu anapiga jembe la kwanza kwenye sehemu yake. Asiyekuwepo na lake halipo; anapewa mwingine alime, bila ugomvi, labda tu awe safari ya mbali. Miaka yote Skolastika alikuwa anaomba ruhusa, anapanda mlima, anapiga jembe lake, anarudi Dar na udongo kwenye kucha. Akiwa kwenye vikao alikuwa anautazama udongo ule chini ya meza, roho inatulia.

Mwaka huu alipangiwa kukagua kiwanda kimoja Kihonda, Morogoro. Alifurahi mpaka akacheka peke yake. Safari hii si atatoka hatua mbili tu! Kumbe ndiyo aliyatafuta mateso. Dirisha la chumba chao lilitazama Uluguru. Mgeta yenyewe huioni kutoka Kihonda, imejificha upande wa pili, ila yeye alijua wingu lile likikaa pale, kwao kunanyesha. Anaandika tarakimu, anainua macho, anauona mlima, anasahau alichokuwa anaandika. Alitamani kwao kiasi cha kuumwa. Alitamani harufu ya moshi wa kuni mbichi, na sauti ya mama ikimwita kutoka ngazi ya chini, ingawa sauti hiyo alijua hataisikia tena popote ila labda pale shambani.

Halidi, bosi wao wa msafara, alikuwa amemwahidi Jumamosi. Ijumaa mchana hesabu za stoo zikakataa kukubaliana na vitabu, na wakubwa Dar wakataka ripoti Jumatatu.

"Dada Skola, nisamehe," Halidi alisema. Si mtu mbaya, macho yenyewe yalikuwa mekundu kwa uchovu. "Kesho hatutoki. Kwani huwezi kumtuma mtu? Mbona mimi nasaini kwa niaba ya bosi kila siku?"

Hapo ndipo Skolastika alipopotea. Miaka yote katika kazi ya "kwa niaba ya", akaona sawa. Akampigia simu Glory, mtoto wa mama yake mdogo.

"Mdogo wangu, kesho nipigie jembe langu. Waambie ni kwa niaba yangu."

Glory akauliza, "Dada, nikupigie mimi?"

"Eeh, wewe."

"Mjomba yuko hapa anasikia. Una hakika, dada?"

"Nina hakika bwana, nina kazi hapa Morogoro!" Akakata simu.

Kazi iliisha Jumamosi usiku; Jumapili alfajiri akachukua bodaboda, akapanda mlima na matope yake yote. Alifika watu wanatoka misa. Walimpokea kwa vigelegele, kuku akakamatwa. Yeye alipitiliza hadi shambani, na akakuta ngazi zote zimetifuliwa, za juu zimekwisha kupandwa karoti.

"Shikamoo mjomba. Nani kalima hapa?"

"Marahaba mwanangu. Kalima mwenyewe, Glory." Mjomba alisema taratibu, hakuwa na hasira. "Jembe la kwanza halina kwa niaba. Aliyepiga ndiye mwenye shamba. Mwenzio kakuuliza mara mbili, nami nipo."

"Lakini mjomba, nilikuwa hapo chini tu! Morogoro mjini!"

"Ndiyo hivyo. Ungekuwa mbali tungekungoja. Tukaambiwa uko hapo chini tu."

Skolastika alijua mjomba yuko sahihi, na alijua Glory hajaiba kitu. Maskini mtoto wa watu alisimama pale anaangalia miguu yake. Kilichomuuma ni kwamba desturi yenyewe aliijua tangu anabebwa mgongoni, na ilimtoka kichwani kwa sentensi moja ya ofisini.

Akavua viatu, akakunja suruali. "Basi nipeni jembe nimsaidie Glory kumaliza. Siombi shamba, nataka kulima tu."

Mjomba akatabasamu, mkono wake ukamshika bega. "Mgeni siku mbili, mwanangu. Siku ya tatu ndiyo tunampa jembe. Siku ya tatu utakuwepo?"

Siku ya tatu ilikuwa Jumanne, na Jumatatu alitakiwa kazini. Skolastika alikunjua suruali, akavaa viatu.

Wakamrudisha nyumbani. Glory akamtolea kiti, kile anachokalia padri akija kubariki nyumba, akamletea maji ya kunawa aliyoyapasha moto. Akampakulia paja la kuku. Skolastika alikula huku analia, na wote wakamkaribisha aongeze.