Medali ya Murara na Jitu la Aisilandi

Niliondoka Goma kwa sababu mbili: mdogo wangu Furaha alikuwa amejifungua huko Aisilandi alikoolewa, na mimi nilikuwa nimekwama kazini. Katika karakana yangu mtaani Murara ninatengeneza vikombe na medali. Akina mama wa mtaa walikuwa wameniagiza medali ya kuwaheshimu watu waliobeba wazee na wagonjwa siku lava iliposhuka mjini. Nilichora mlima unaotema moto. Wote waliusifu isipokuwa Mama Kavira. Siku ile alimbeba jirani yake mzee mgongoni, na aliporudi hakukuta nyumba.

“Ule mulima ulikula nyumba yangu,” aliniambia. “Sasa niuvae kwa kifua? Mupatie mwingine.”

Bila yeye sherehe ya kuwavisha medali isingekuwa na maana.

Asubuhi ya safari nilivuka mpaka kwa miguu hadi Gisenyi, nikiwa na mfuko wa sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, zawadi ya mama yetu. Basi likapanda na kushuka vilima hadi Kigali, kisha zikafuata ndege. Abiria aliyekaa karibu nami alinusa, akatazama viatu vyake kwa wasiwasi. Nikausukuma mfuko chini ya kiti.

Tulipotua Aisilandi niliona mawe meusi ya lava kila upande. Furaha alikuwa amekuja kunipokea.

“Kumbe nimezunguka dunia nzima nikarudi Goma,” nilimwambia.

“Goma yenye baridi, yaya,” alijibu, kama tunavyomwita mkubwa wa kuzaliwa. “Funga koti.”

Jijini Reykjavik tulifikia kwa baba mkwe wake, Papa Gunnar, mvuvi mstaafu anayekusanya stempu na sarafu. Furaha alitutafsiria huku akinyonyesha. Mzee alikula sambaza kwa vidole, hata vichwa hakuacha.

“Huyu samaki yuko kwenye pesa zenu?” aliuliza.

“Hapana. Kwenye noti zetu kuna wanyama wa porini.”

“Sisi tumemweka anayetulisha.”

Akamwaga sarafu mezani: samaki mkubwa, kaa, pomboo. Upande wa pili walikuwapo walinzi wa nchi. Zamani, alisema, mfalme wa mbali alimtuma mchawi kupeleleza kisiwa. Pwani ya kwanza mchawi akakuta joka, ya pili ndege mkubwa, ya tatu fahali, ya nne jitu lenye fimbo ya chuma. Akarudi kwao.

Baada ya chai alinionyesha stempu yenye mlima unaotoa moto. Nilimweleza shida yangu na Mama Kavira, nikamwuliza kama mlima huo haukumuudhi mtu.

“Nyumba ya kaka yangu ilizikwa na majivu,” alijibu. “Jirani alimbeba mpaka kwenye mashua, maana mguu wa kaka ulikuwa umevunjika.”

“Na huyo jirani, mlimtolea stempu?”

Papa Gunnar alitafuta kwenye albamu kwa muda mrefu, ingawa nadhani jibu alilijua.

“Hapana,” alisema. “Mlima tuliukumbuka.”

Usiku ule nilichora tena. Kwao mlinzi ni jitu. Kwetu alikuwa mama aliyejifunga kitenge, mzee mgongoni mwake. Upande wa pili niliweka sambaza.

Njiani kurudi niliulinda mchoro ule kama pasipoti. Siku iliyofuata baada ya kufika Goma nilimpelekea Mama Kavira. Akaugeuza huku na huku, akaketi.

“Huyu ni miye?”

“Ni kila mutu aliyebeba mwenzake, mama. Lakini kitenge ni chako.”

Akapangusa macho, kisha akacheka.

Nilikwenda mbali kujifunza jambo dogo: alama ya nchi si lazima iwe kile kilichoitia hofu, inaweza kuwa yule aliyesimama mbele yake. Hilo nilitaka kumweleza Mama Kavira kwa maneno mazuri, lakini alikuwa ameshaanza kunirekebisha.

“Mugongo uinamishe kidogo,” alisema. “Yule muzee alikuwa muzito.”