Jumamosi za Kujikatia Umeme

Mama mkwe wangu hana kitu kimoja. Ana viwili viwili. Mitungi miwili ya gesi, pasi mbili, tochi mbili kila chumba, na funguo za mlango wa mbele amezigawa kwa majirani wengi mpaka sijui kwa nini tunajisumbua kuufunga. Siku mume wangu aliponipeleka nyumbani kunitambulisha, yule mama alinitazama juu mpaka chini, kisha akamuuliza mwanawe mbele yangu, "Na huyu akikukimbia, una mwingine?" Mume wangu akacheka. Mimi sikucheka, na hata leo nikikumbuka sicheki sana.

Mtaani wanamwita Mama Akiba, na si kwa sababu ya fedha. Ni kazi iliyomharibu. Kwa miaka mingi amekuwa msimamizi wa jenereta katika jengo moja lisilo na madirisha, ambalo wapita njia hudhani ni ghala la saruji. Ndani hamna saruji. Mna kompyuta zilizopangwa kwenye makabati marefu, safu kwa safu, ambazo hazizimwi mchana wala usiku. Picha zako zimo mle, salio lako la benki limo mle, na ule ujumbe uliomtumia mtu kwa hasira ukaufuta haraka, usishangae nao umo mle. Kompyuta hizo zikikosa umeme hata kwa muda wa kupiga chafya, watu wa benki hupiga simu wakifoka. Najua, kwa sababu simu hizo nazipokea mimi. Niko mapokezi. Kazi hii alinitafutia yeye mwenyewe, nadhani ili awe na mtu wa kumgombeza nyumbani na kazini.

Umeme wa mjini yeye huuchukulia kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Ukimwambia shirika limeahidi kwamba safari hii hautakatika, atakujibu, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini." Kwa hiyo jengo lina nyaya mbili za umeme zinazoingia kwa njia mbili tofauti, lina chumba cha betri, na lina jenereta. Umeme ukikatika, betri hushika palepale, lakini nguvu zake ni za dakika chache tu. Kazi yake ni kuvuta muda mpaka jenereta ziamke na kuubeba mzigo.

Na mzigo wenyewe haushibi. Nilipoanza kazi palikuwa na ukumbi mmoja wa kompyuta na jenereta mbili, moja ya kufanya kazi na moja ya akiba. Siku hizi watu hawatumiani ujumbe tu. Wanaongea na mashine, wanaiuliza dawa ya mafua, wanaiandikisha barua za mapenzi. Kompyuta za kujibu hayo yote zililetwa kwa malori na kuingizwa ukumbi wa pili. Zinatoa joto kama tanuri la mikate, na vipoza hewa vyake vinakula umeme kuliko mtaa wetu mzima. Mama Akiba alizizunguka siku ya kwanza akitikisa kichwa.

"Barua za mapenzi!" akasema. "Baba mkwe wako aliniandikia kwa kalamu, na nikamkubali bila kipoza hewa."

Ikabidi iletwe jenereta ya tatu.

Sasa nikueleze habari za Jumamosi. Watu wote mjini huomba umeme usikatike, lakini sisi kila Jumamosi saa nne asubuhi tunajikatia wenyewe. Makusudi kabisa. Mama Akiba anasema dawa ya kujua kama jenereta itaamka ni kuiamsha, kuiamini ni kazi ya wavivu. Fundi umeme anakata, na kila mtu ana mahali pake pa kusimama. Mimi husimama mlangoni mwa chumba cha paneli, simu mkononi, tayari kuzungumza na wateja mambo yakienda mrama. Chumba kina kioo kizito, na ng'ambo ya kioo ndiko ziliko jenereta. Na sheria ni moja: hakuna mkono unaogusa swichi kabla Mama Akiba hajatamka. Hata meneja. Aligusa siku moja, akachapwa kiganja kama mtoto aliyedokoa nyama jikoni.

Macho yalianza kumchezea mwaka jana. Kwanza alitia chumvi kwenye chai. Tukanywa sote, maana nani angethubutu kusema? Kisha akalisalimia kwa heshima zote koti la mume wangu lililotundikwa mlangoni, na akakasirika kwamba halikuitikia. Tukampeleka kwa daktari. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilikuwa karibu limefungwa kabisa na la kulia lilikuwa njiani. Daktari akasema upasuaji ni mdogo, lifanywe moja, baadaye lingine, na kila mara apumzike kazi wiki kadhaa. Asipotibiwa, giza litamkuta huku anatembea.

"Wiki kadhaa?" mama mkwe akauliza tulipofika nyumbani. "Na mashine nitamwachia nani?"

"Mama, si wapo wenzako?" mume wangu akasema.

"Wapo. Hata paka wapo."

"Na macho je?"

"La kulia lipo. Unadhani Mungu alitupa mawili kwa mapambo?"

Hapo nikashindwa kujizuia. "Mama, hilo la kulia ndiyo akiba yenyewe. Sasa hivi unaendeshea akiba, na nyuma yake hakuna kitu."

Mume wangu akatazama dari. Nikadhani mama mkwe leo nimemweza. Kisha akaniagiza nimfukuze paka aliyelala kwenye kiti. Paka mwenyewe ulikuwa mkoba wangu.

Nilikuwa na hofu, nisidanganye. Ninamlalamikia sana yule mama, ndiyo raha yangu. Lakini nilipojifungua binti yangu na homa ikanishika, ni yeye aliyelala sakafuni kando ya kitanda changu, akiamka kila mtoto akilia ili mimi nisiamke. Binti huyo sasa anajifunza kutembea. Sikutaka bibi yake amjue kwa sauti tu.

Kazini hakuna aliyehisi kitu. Nilijiuliza anawezaje, mpaka nilipomsikiliza vizuri Redio.

Redio ni msaidizi wake, mtu mzima mwenye kitambi na watoto wanne. Kabla ya kuajiriwa alikuwa akitangaza mechi za mitaani kwa kipaza sauti, na mechi ikiwa mbovu watu walikuwa wanakuja kumsikiliza yeye. Mama Akiba alimwekea utaratibu wa aina yake. Yeye husimama katikati ya chumba, mikono nyuma kama mkuu wa jeshi, na Redio anapita paneli moja baada ya nyingine akisoma kwa sauti.

"Soma!"

"Ya kwanza imeamka, mama! Inapanda, inapanda, volti hizo zimetimia! Ya pili nayo hiyooo, inakuja kwa kasi!"

"Joto la maji?"

"Limetulia tuli!"

"Sasa ufanyeje?"

"Nisubiri zilingane mwendo, ndipo nizibebeshe mzigo."

"Ukiharakisha?"

"Zitapigana, mama, tutaaibika."

"Haya, gusa."

Wote walidhani anamfundisha. Meneja alimsifu mkutanoni kwa moyo wake wa kulea wenzake. Mimi peke yangu nilijua kwamba anamtumia Redio kama miwani, nami nikaufyata.

Basi ikafika Jumamosi moja nzito. Ukumbi wa pili ulikuwa ndiyo kwanza umejaa, na jenereta mbili zisingetosha tena. Ilikuwa lazima ya tatu iingie. Wenye kompyuta mpya walituma wajumbe wawili waje watazame kwa macho yao, na mambo yakiharibika wangehamisha mashine zao kwa watu wengine. Niliwapa beji, nikawasimamisha pembeni, nikawaonya wasiguse kitu kama wanavipenda viganja vyao.

Lipo jambo la jana yake. Ijumaa jenereta ya tatu ilifanyiwa huduma. Swichi yake ina pande mbili: upande wa mkono, ambapo mashine inasubiri mtu aiwashe, na upande wa kujiendesha, ambapo inaamka yenyewe. Wakati wa huduma huwekwa upande wa mkono, isije ikaamka na vidole vya fundi vikiwa ndani. Huduma ilipokwisha, Mama Akiba aliirudisha mwenyewe, kwa mazoea ya vidole. Au alidhani ameirudisha.

Redio akaingia akiwa na skafu shingoni. Mafua yalikuwa yamemkaba. Akafungua mdomo amwamkie mama, kikatoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta.

"Umesemaje?"

Redio akaonyesha koo lake. Mama Akiba alikuwa ameelekeza uso kwingine. Kabla sijajua nifanye nini, saa nne ikagonga, na fundi umeme akakata.

Taa za ofisini zikazimika. Betri zikashika. Nyuma ya kioo jenereta ya kwanza ikanguruma, ya pili ikaifuata.

"Soma!"

Redio akasoma. Yaani midomo ilicheza.

"Nimesema soma!"

Ya tatu ilikuwa kimya. Kwenye paneli yake taa nyekundu inawaka, na swichi imesimama wima upande wa mkono. Redio aliiona. Mimi niliiona. Wajumbe wawili waliiona. Mama Akiba aliikodolea macho paneli ile, hatua mbili tu mbele yake, na mimi niliyemzoea nikajua kwamba mbele yake kuna ukungu mtupu. Redio akamnyooshea kidole kwenye swichi na kusubiri atamke. Hakutamka. Betri zilikuwa zinakwisha, na meneja alikuwa anajifuta jasho kwa tai yake. Nami nikipaza sauti, namfichua mbele ya wageni.

Ndipo Redio akaigusa swichi bila ruhusa. Akaigeuza, ya tatu ikakohoa, ikaamka. Akapitia geji zake, midomo ikicheza bila sauti, akitangaza mechi ambayo hakuna aliyeisikia. Joto la maji. Volti. Akasubiri. Meneja akamnong'oneza, "Haraka basi!" Redio akamwinulia kiganja na kuendelea kusubiri, mpaka zote tatu zikalingana mwendo. Hapo akazibebesha mzigo. Taa zikarudi, na vipoza hewa vya ukumbi wa pili vikaendelea kuvuma kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama Akiba alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Ngurumo tatu. Masikio yake ni mazima.

"Hongera, mama!" meneja akasema, sauti imemrudia. "Huyu Redio kweli umemnoa!" Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Angeweza kunyamaza. Sifa zote zilikuwa zake, zimeshapakuliwa na kuwekwa mezani. Badala yake akageuka kumkabili meneja, ingawa kwa kweli alilikabili kabati la mitungi ya zimamoto.

"Nani aliiacha swichi upande wa mkono?" akauliza.

Meneja akamgeukia Redio.

"Ni mimi," akasema. "Sikuiona. Sioni. Mwaka mzima sasa sioni, huyu ndiye aliyekuwa ananionea."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yule mama hakusubiri kuumbuliwa. Alijiumbua mwenyewe, mbele ya wageni, kwa sauti ya kushinda jenereta. Redio alianza kulia na kukohoa kwa wakati mmoja. Mimi nilimpenda mama mkwe wangu siku ile bila kujibakizia, kisha nikaogopa asije akajua.

Wajumbe waliondoka wakiwa wametosheka kwamba mzigo umebebwa, na Ijumaa iliyofuata akafanyiwa jicho la kushoto. Hilo tu. La kulia alikataa katakata. "Nikiondoka mara mbili nitakuta mashine wameziuza," akasema, na hakuna daktari, mwana wala mkwe aliyemtikisa.

Kesho yake asubuhi nilimrudisha kliniki kuondolewa bandeji. Nesi akaibandua taratibu. Mama mkwe akapepesa, akapepesa tena, akanitazama usoni muda mrefu. Nikajiandaa kwa maneno mazito.

"Kumbe nyusi zako hazilingani," akasema.

Tukakaa kwenye benchi la ukumbini kumsubiri daktari. Simu yake aliishika kwa mikono miwili, mapajani. Pale kazini hakuna anayepiga simu kusema kwamba mambo yamekwenda vizuri. Simu hupigwa kukiharibika. Na ile ilikuwa Jumamosi ya kwanza Redio anasimama katikati ya chumba peke yake. Nilijaribu kumpigisha soga kidogo, akanifanyia ishara ninyamaze.

Ukutani kulikuwa na saa, mbali kidogo, juu ya mlango wa chumba cha dawa. Akainua uso, akaitazama.

"Saa nne na dakika ishirini," akasema.

Sikuwa nimemwambia. Alikuwa ameisoma mwenyewe.

"Hawajapiga," nikasema.

"Hawajapiga."

Kidevu kikamtetemeka. Sikujua kama ni furaha au uchungu, na sidhani kama yeye alijua. Akainua mkono alifikiche jicho, nesi akamkemea kutoka ng'ambo ya ukumbi, akaushusha kwa utii ambao mimi sijawahi kuuonja. Kisha akaizima simu kabisa na kuitumbukiza kwenye mkoba wangu.

"Nenda kamwambie daktari anipangie na hili la pili," akasema. "Na asiwe na haraka ya kunirudisha kazini."