Mabeki Ulionao

Mwanangu, nimekuona ukichora kwenye ubao, mabeki umewapandisha hadi katikati ya uwanja, na tokea hapo roho yangu haijatulia. Kesho timu yako inacheza. Hebu kaa nikwambie, hata kama utaniona mzee ana maneno mengi.

Nakumbuka Jumapili moja hapa hapa ughaibuni, Hounslow, nina miaka ishirini na sita, ndiyo kwanza nimekabidhiwa timu yetu ya Wazanzibari. Beki wangu wa kati alikuwa Hamadi, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege. Mtu wa miraba minne, mpira wa juu haumpiti, lakini mbio hana. Kocha aliyenitangulia, Mzee Khatibu, alikuwa akimkalisha karibu na kipa. Tena kabla ya kila mechi aliwapitia mabeki mmoja mmoja: umetoka kazini saa ngapi, umelala? Ikisha ndipo huamua wasimame wapi. Mimi nikiyaona mambo ya kizamani. Nilishiba mpira wa televisheni, nataka mabeki wapande juu, tuwategee wapinzani mtego wa kuotea.

Asubuhi ile Hamadi alikuja moja kwa moja kutoka shifti ya usiku, macho mekundu. Akanivuta pembeni.

"Kocha, leo miguu mizito. Tukae nyuma kidogo."

"Utachangamka ukianza kucheza," nikamwambia.

Naona haya hata kulisema. Dakika ya kumi mpira ukapigwa juu ya vichwa vyao, winga wao akachomoka, Hamadi akageuka kumfukuza. Bao. Nikapiga kelele wapande tena. Likaja la pili. Kila ukipigwa mpira mrefu nilijua nimekosea, ila kiburi hakikuniacha niwaambie warudi. Mara ya tatu Hamadi aligeuka, akakimbia hatua nne, akaanguka ameshika nyuma ya paja.

Hospitali tulikaa kwenye viti vya plastiki mpaka alasiri. Simu yake ikilia, msimamizi wa kazini anataka kujua kama usiku atakuja, naye haipokei, anaitazama tu. Miguu ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mkewe mja mzito. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Mzee Khatibu akaja na chupa ya chai, akammiminia Hamadi, kisha akanigeukia mimi.

"Mabeki ulionao ndio mfumo wako," akasema. "Ukitaka mfumo mwengine, katafute mabeki wengine. Hawa usiwavunje."

Hamadi alikaa miezi mitatu bila kazi. Uwanjani hakurudi tena.

Basi, mwanangu, futa huo ubao kwanza. Yule beki wako mrefu kazi yake ni kulea wazee usiku kucha, au hujui? Muulize kama amelala. Ukiwa na mabeki wenye mbio na waliopumzika, wapandishe utakavyo. Ukiwa na wazito, waweke karibu na kipa, kiungo mmoja awakingie mbele, na usione aibu kwa hilo. Na mchezaji akikwambia miguu mizito, msadiki siku hiyo hiyo, hata kama mpango wako wote utaharibika.

Mungu akupe jicho la kuwaona watu wako, na kesho awarejeshe wote majumbani kwao kwa miguu yao wenyewe.