Reli ya Kiganjo Imeacha Kumlilia Barnabas

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua la Kiganjo halijapata nguvu ya kukausha nyasi, na Barnabas Khamala tayari amelowa hadi magotini. Anatembea katikati ya reli, taruma kwa taruma, yale magogo yaliyolazwa chini ya chuma, nyundo ya mpini mrefu begani. Kila baada ya hatua mbili anasimama, anagonga kabari ya chuma inayoibana reli isicheze, kisha anafanya jambo ambalo katika miaka yote ya kazi hii hakuwahi kulifanya. Anainama na kuweka vidole juu ya chuma.

Anangoja. Anagonga tena. Anabonyeza vidole.

"Imeshika," anasema, lakini anasema kama mtu anayeuliza.

Ni Jumatano. Keshokutwa treni ya abiria itapanda kutoka Nairobi kwenda Nanyuki, na kilomita saba kutoka stesheni ya Kiganjo kuelekea Naro Moru ni zake. Akisema njia ni salama, treni inapita. Zamani alizimaliza kilomita hizo kwa saa tatu. Siku hizi zinamla saa tano, na akifika mwisho anatamani kurudi kuanza upya.

"Hii kazi si ya macho, ni ya masikio," anaeleza. "Kabari iko na sauti yake. Ikikaza inalia ngriii, kama kengele ya kanisa. Ikilegea inasema du, kama umegonga gogo imeoza. Mzee aliyenifundisha alikuwa ananifunga kitambaa kwa macho. Ati nikiona, nitajidanganya."

Barnabas ana miaka hamsini na saba. Alitoka Webuye mwaka wa 1998 na sanduku la bati, akaajiriwa kibarua cha kufyeka nyasi kando ya reli. Njia ya Nanyuki ilipolala usingizi wake mrefu, alishuka Mwea akabeba magunia ya mchele kwenye kinu. Iliporekebishwa na treni kurudi, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitwa, maana wanaojua kusikiliza chuma walikuwa wamebaki wa kuhesabu.

Sasa analipwa shilingi elfu ishirini na nne kwa mwezi, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Binti yake Jackie yuko mwaka wa pili chuo cha ualimu. Mkewe Risper anauza mboga Kiganjo sokoni, na mvua ikichelewa hakuna mboga.

Hayo yote anaweza kuyabeba. Kinachomnyima raha ni kwamba reli imenyamaza.

Aliligundua hilo mbele ya watu, kwenye hoteli ya Murugi inayotazamana na stesheni. Hapo kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana hukutana wapenzi wa treni, watu sita au saba ambao wake zao na waume zao wameshachoka kuwasikiliza. Mkubwa wao ni mzee Wamae, dereva mstaafu aliyeendesha treni miaka thelathini na mmoja. Mkaidi wao ni Kinyua, mwalimu wa fizikia. Mwenye neno la mwisho ni Murugi mwenyewe, kwa sababu chai ni yake.

Mwaka jana kundi hilo lilihamia Ayalandi bila kupanda ndege. Gathoni, binti ya Wamae, ni muuguzi huko katika mji wa Cork. Alianza kumtumia baba yake picha na sauti za treni ili kumpunguzia upweke baada ya mama kufariki. Siku hizi Gathoni mwenyewe ameambukizwa mapenzi hayo ya treni. Siku yake ya mapumziko anakwenda kukaa stesheni, simu mkononi.

Treni hizo za Ayalandi zimezua ugomvi mkubwa Kiganjo kuliko siasa.

"Hizi za siku hizi si treni," Wamae hurudia bila kuchoka. "Ni basi ndefu. Injini wameificha chini ya kiti ya mtu. Treni iko na kichwa na iko na mkia. Ile ya zamani ya huko, nyeusi na rangi ya chungwa, hiyo ilikuwa inavuta mabehewa mpaka kifua yako inatetemeka."

"Mzee, wewe bila kutetemeka hujui umesafiri?" Kinyua humjibu. "Gathoni amesema ya kwenda Dublin inafika na dakika yake. Chaji ya simu iko. Choo iko safi. Hapa kwetu unapanda Nairobi ukiwa kijana, ukifika Sagana umeota mvi."

"Na chai?" Murugi huuliza. "Huko ndani kuna chai?"

Gathoni alikuwa ametuma jibu la swali hilo. Mzee mmoja wa Cork, ambaye hukaa naye kwenye benchi la stesheni, alimwambia kwamba ujanani mwake alikula mayai na soseji kwenye sahani ya udongo, treni ikikimbia, kitambaa cheupe mezani. Sasa mzee huyo hubeba chupa yake ya chai kutoka nyumbani.

"Basi hiyo nchi imeharibika," Murugi aliamua.

Mzee huyo wa Cork alisema na jingine. Kule magharibi mwa nchi yao kulikuwa na vijireli vyembamba vilivyofika hadi vijiji vya bahari. Serikali ya wakati huo iliving'oa, chuma kikauzwa kwa kilo. Leo wajukuu wanachangisha fedha ili walaze tena kilomita mbili tatu, watoto wapandishwe Jumapili. Siku habari hiyo ilipofika, kila aliyekuwapo hotelini alikumbuka nyasi zilivyoota kwenye njia ya Nanyuki, na mbuzi wakifungwa kwenye reli.

Barnabas hakuwahi kuwa upande wa Wamae wala wa Kinyua. "Nyinyi mnaangalia juu, mimi naangalia chini," huwaambia. Alichokipenda kwenye picha za Gathoni ni upana wa reli ya Ayalandi, ambayo inaipita yetu kwa zaidi ya nusu mita. "Hapo katikati ng'ombe analala na ndama yake," alisema. "Kazi ya kutembea hiyo njia lazima ulipwe mara mbili."

Lakini kwenye mchezo wao alikuwa mfalme. Simu hulazwa kifudifudi mezani, sauti inachezwa, na kila mtu anataja ni treni gani, inaingia au inatoka, imebeba au iko tupu. Barnabas aliweza hata kusema kama reli iliyo chini ina maungio au imechomelewa moja kwa moja. Anayekosea hununua chai, na tangu mchezo uanze Barnabas hakuwa amenunua chai hata mara moja.

Jumamosi moja mwezi wa pili, Wamae alilaza simu mezani. Gathoni alikuwa amerekodi treni mpya ikiingia stesheni ya Cork: breki zinapiga filimbi nyembamba, inasimama, milango inalia pi-pi-pi. Watu waliinama. Kinyua akaziba mdomo ili asiropoke. Barnabas alikaa, kidevu mkononi, macho amefumba kama alivyofundishwa.

Kisha akafumbua.

"Weka basi, dereva. Tunangoja nini?"

Meza nzima iliangua kicheko.

"Wee Barnabas, wacha maneno yako," Murugi alimwambia huku akijifuta machozi. "Umeona leo utanunua chai ndiyo unajifanya kiziwi?"

"Nimesema weka."

Wamae aliigeuza simu polepole akamwonyesha. Sauti ilikuwa imecheza nusu dakika nzima na bado ilikuwa inacheza. Kicheko kilikatika kimoja kimoja.

"Watu wakiongea nasikia," Barnabas anasimulia sasa. "Lori nasikia, mvua kwa mabati nasikia. Ni ile sauti nyembamba, ile ya juu. Hiyo imeenda. Na kabari ikiwa imekaza, inalia na hiyo sauti."

Wakati ule ndipo alipokumbuka jambo la wiki tatu nyuma, akatoka nje bila kuaga. Alikuwa amemwandikia nyapara wake, Maxwel, kwamba kabari kumi na nne zimelegea mahali pamoja. Zote zilisema du. Wanaume sita walikwenda na vifaa, wakazigonga moja moja, wakakuta zote zimekaza. Walimcheka hadi stesheni, na tangu siku hiyo wanamwita Mzee Kumi na Nne.

"Nilikuwa nasema reli imeharibika," anasema. "Nilikasirikia chuma. Kumbe chuma iko sawa, ni mimi."

Mtu wa nje angedhani aibu ya jina hilo ndiyo mbaya. Mbaya ni kilichofuata. Kwa kuogopa kuchekwa tena, Barnabas alianza kuzipita kabari zilizosema du. Alijiambia ni chuma kinamchezea, hakuna neno, songa. Baada ya Jumamosi ile ya hotelini hakuweza tena kusonga, wala hakuweza kusema. Ndipo akaanza kutumia vidole.

Je, vidole vinatosha? Ukimuuliza, anaiangalia mikono yake, migumu kama soli ya kiatu baada ya miaka mingi ya mpini.

"Asubuhi kukiwa na baridi, sijui," anajibu.

Marafiki zake waligawanyika, na safari hii si kuhusu treni za Ayalandi. Jumamosi iliyopita Wamae alimshauri anyamaze.

"Umebakisha miaka mitatu ustaafu," alimwambia. "Kinyua atatembea na wewe siku za likizo, akusikilizie. Siku zingine shika na mkono. Mimi niliendesha treni miaka miwili na jicho moja ikiwa na ukungu, na nani alikufa?"

"Usiseme hiyo kwa sauti, mzee," Kinyua alimwambia.

Murugi aliweka birika chini. Ana wajukuu wawili wanaosoma Thika, ambao hupanda treni ya Ijumaa mara moja kwa mwezi.

"Nyinyi wanaume mnapenda treni ama mnapenda hadithi za treni?" aliwauliza. "Mnaweza kukaa hapa siku nzima mkilia juu ya behewa za Ayalandi zilizotupwa, na ya kwenu itoke kwa reli mkiona. Barnabas, mficha maradhi kilio humfichua. Na hicho kilio hakitakuwa cha kwako peke yako."

"Jackie yuko shule, Murugi," Barnabas alijibu.

"Najua Jackie yuko shule. Nimemnunulia viatu mimi."

Hakuna aliyekunywa chai iliyobaki.

Ijumaa, siku mbili baada ya asubuhi ile ya vidole, Barnabas hakwenda moja kwa moja njiani. Saa kumi na mbili alikuwa amesimama nje ya chumba cha vifaa, kofia mkononi. Maxwel, kijana wa miaka thelathini na minne, alifika akipiga mwayo.

"Mzee Barnabas, mbona hujaanza? Zimelegea kumi na nne tena?"

"Sijui," Barnabas alimjibu. "Hiyo ndiyo nimekuja kukuambia. Sisikii. Ni tangu mwaka mpya, labda mbele ya hapo. Kilomita zangu zigongwe na mtu mwingine leo, kabla treni haijapita."

Maxwel aliacha kutabasamu. Hakufoka. Aliita watu wawili, akachukua nyundo mwenyewe, na wote wanne wakaingia njiani, Barnabas akiwa nyuma mikono mitupu. Maxwel aligonga, reli ikalia, wakasonga. Kilomita ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu safi, na mmoja wa vibarua akaanza kunong'ona kwamba mzee amewatembeza bure.

Kwenye kona iliyo baada ya daraja, katika kilomita ya tano, Maxwel aligonga akasimama. Akagonga inayofuata. Akagonga ya tatu. Kisha akapiga magoti akazitikisa kwa mkono, na zote tatu zikacheza kama meno ya mtoto. Zilikuwa zimefuatana, upande wa nje wa kona, mahali treni hulalia uzito wake wote.

Jumatano, Barnabas aliweka vidole vyake juu ya zote tatu. Alisema zimeshika.

"Nilikaa chini kwa kokoto," anasema. "Miguu ilikataa. Maxwel aliniambia, mzee, inuka, tunaikaza sasa. Lakini mimi nilikuwa nahesabu. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kama ningenyamaza kama alivyosema Wamae."

Walizikaza. Mchana treni ilipita kwenye kona ile kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, Maxwel akiwa kando na bendera ya kijani. Barnabas, ambaye kwa kawaida hutazama magurudumu tu, siku hiyo alitazama madirishani. Mwanamke mmoja alikuwa analisha mtoto ndizi. Anasema uso wake hautamtoka akilini.

Maxwel amemwandikia barua ya kwenda kupimwa masikio mjini Nyeri, Alhamisi ijayo. Nyundo imekabidhiwa mtu mwingine kwa muda, kijana kutoka Karatina ambaye hajamaliza mwezi kazini. Kama Barnabas ataendelea kulipwa baada ya vipimo, hakuna aliyempa jibu. Maxwel mwenyewe anasema hajui, na kwamba uamuzi hautatoka kwake. Risper ameshaanza kuuliza bei ya kukodi nusu eka ya viazi.

Barnabas hatarajii kurudishiwa masikio. Ameomba mambo mawili. La kwanza ni kazi ya kufunga na kufungua kizuizi pale barabara inapokata reli, kwa kuwa macho yake bado yanaona mbali. La pili, ambalo amelirudia kwa Maxwel mara tatu, ni apewe mwezi huu mmoja atembee na huyo kijana wa Karatina kabla ya mvua ya mwezi wa nne.

"Kuna mahali mbili maji inapita chini ya reli na huwezi kuona juu," anasema. "Kokoto inakaa vizuri kabisa, chini kuna shimo. Hiyo haijaandikwa kwa kitabu yoyote. Yeye atagonga na kusikiliza, mimi nitamwonyesha wapi pa kusimama. Wakinilipa ama wasinilipe, Jumatatu saa kumi na mbili nitakuwa hapo stesheni. Wanifukuze wakinikuta njiani."