Mama Aliyetajwa Redioni

Mwaka ule Ndululu alipotaka ubunge, hakuna mtu upande wetu wa Kibwezi aliyemwombea kura kwa nguvu kama Mutindi. Alikuwa mama wa Nzau, fundi wa kushona sare za shule, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa sokoni, na kwa kuwa hakuwa msemaji sana, akisema jambo watu walimsikiliza. Alifunga cherehani, akapita Kiboko, akapita vijiji vya kando ya mto, akiwaambia watu kwamba huyu kijana amezaliwa hapa, mama yake alifia kwenye foleni ya hospitali, kwa hivyo hawezi kutusahau. Ndululu mwenyewe aliisimulia habari ya mama yake katika kila mkutano, na kila mara sauti ilimkwama mahali palepale. Mutindi aliliona hilo. Alidhani ni uchungu.

Ndululu alishinda. Mwaka uliofuata, mume wa Mutindi, Munyao, ambaye alikuwa mwashi, alianza kuvimba miguu. Madaktari walisema figo zimekufa na kwamba ataishi kwa kusafishwa damu na mashine mara mbili kwa wiki. Mashine hiyo ilikuwa katika hospitali kubwa, mwendo mrefu kwa barabara ya Mombasa. Bima ya serikali waliyokuwa wakilipia kila mwezi ndiyo iliyogharamia.

Hawakusafiri peke yao. Fartun, mwenye duka la vitambaa ambako Mutindi alinunua kitambaa cha sare, alikuwa akimpeleka mama yake, Mama Abdiya, kwenye mashine hizohizo. Familia yao ilitoka Garissa miaka mingi iliyopita, na Fartun alikuwa na gari, Probox. Basi siku za mashine wanne hao waliondoka pamoja. Mama Abdiya hakujua Kiswahili kingi, lakini yeye na Munyao walielewana juu ya jambo moja: vyakula walivyokatazwa.

"Jana nimekula ndizi," mama alimwambia Munyao siku moja. "Tatu."

"Mama, utakufa."

"Kwa ndoto," akasema, na Munyao akacheka hadi muuguzi akamwambia atulie, sindano itachomoka.

Kisha ukaja mswada wa kubadilisha bima. Watu waliusikia redioni wakaogopa. Ndululu alikuja kanisani Jumapili moja, akasimama mbele ya waumini na kusema, "Mkono wangu hautainuka kupitisha sheria ya kuwaumiza." Watu walipiga makofi. Kura ilipopigwa Nairobi, mkono wake uliinuka. Alipoulizwa na mtangazaji wa kituo cha Kikamba, alijibu kwamba mageuzi ni mazuri, na wanaolalamika ni wale ambao hawajaisoma sheria yenyewe.

Sheria ilipoanza kazi, Munyao na Mama Abdiya walifika hospitalini kama kawaida. Karani aliandika majina yao kwenye kompyuta, akatikisa kichwa.

"Hamjalipa."

"Tunalipa kila mwezi," Mutindi alisema. "Hata mwezi huu tumelipa."

"Ile ilikuwa ya zamani, mama. Kama huna mwajiri, sistimu haitaki mwezi. Inataka mwaka mzima kwanza."

"Na leo atafanyiwa nini?"

Karani hakuwa mtu mbaya. Alimwangalia Munyao, akaangalia kompyuta, akasema, "Mnaweza kulipa taslimu."

Walilipa taslimu siku hiyo. Baada ya hapo wagonjwa wote wawili walianza kwenda mara moja kwa wiki, na wiki nyingine hawakwenda. Munyao alilala akiwa ameketi kwa sababu akijinyoosha pumzi ilikatika. Mama Abdiya aliacha kusimulia ndoto zake.

Ndululu alipotangaza mkutano uwanja wa soko, Mutindi na Fartun walikaa dukani wakapanga. Mutindi angeuliza, kwa kuwa yeye alijulikana, na Fartun angesimama kando yake. Wangemtaka mbunge arudi bungeni na kusukuma marekebisho, ili watu wasio na mshahara walipe kila mwezi kama zamani, na mpaka hapo mgonjwa wa mashine asirudishwe nyumbani.

"Tusikubali kupewa ahadi tu," Fartun alisema. "Tumuulize mbele ya watu, ajibu mbele ya watu."

Ilikuwa hivyo mwanzoni. Mutindi alipewa kipaza sauti, akasema yote bila kutetemeka. Fartun alikuwa kando yake, na Munyao ameketi kitini nyuma yao. Watu walianza kuitikia, kwanza wachache, kisha uwanja mzima, maana kila nyumba ilikuwa na mtu aliyerudishwa bila kutibiwa mahali fulani. Mwanamume mmoja alipaza sauti, "Jibu, Mheshimiwa, ulipiga kura gani?" Wale vijana waliokuja na mbunge waliacha kutabasamu.

Ndululu aliinua mikono, akangoja kimya kirudi.

"Huyu mama mnamjua," alisema. "Huyu ni mama yangu. Mwaitu, mama, njoo hapa mbele. Uje na mzee."

Munyao alisaidiwa kupanda jukwaani. Ndululu alimshika bega, akamgeuza awatazame watu, na miguu yake iliyovimba ikaonekana na wote. Kisha akasema kwamba kuanzia siku hiyo, yeye mwenyewe, kutoka mfukoni mwake, angegharamia matibabu ya mzee huyu. Akamgeukia Mutindi. "Umekubali, mwaitu?"

Alikuwa na muda mfupi sana wa kufikiri. Kando yake alisikia kifua cha Munyao kikikoroma kama sufuria inayokaribia kuchemka. Akasema, "Nimekubali. Asante."

Kina mama wa kikundi chake walipiga vigelegele. Muziki ukawashwa. Lile swali la kura halikuulizwa tena siku hiyo, na wala siku nyingine. Mutindi alipogeuka, Fartun alikuwa ameshaondoka.

Msaidizi wa mbunge alilipa, ni kweli. Munyao alirudi kwenye mashine mara mbili kwa wiki, uvimbe ukashuka. Sasa waliabiri basi. Kwenye kitanda cha Mama Abdiya alilala mtu mwingine, kisha wakasikia kwamba mama amefariki, amezikwa siku hiyohiyo.

Mutindi alikwenda kuhani. Fartun alimpokea mlangoni, akampa mto wa kukalia, akamletea chai.

"Nisamehe," Mutindi alisema.

"Kama ni mimi angeniita, ningekubali pia," Fartun alijibu. "Kunywa chai, Mama Nzau, inapoa."

Mutindi alitamani atukanwe.

Wiki chache baadaye alikuwa kibandani akishona, redio imewashwa. Ndululu alikuwa mgeni wa kipindi cha asubuhi, na wasikilizaji walimwandama kuhusu bima. Hakukasirika. "Hapo Kibwezi sokoni," alisema, "kuna mama fundi wa nguo. Mume wake anasafishwa damu mara mbili kwa wiki bila shida. Nendeni mkamuulize kama sheria hii haifanyi kazi."

Mutindi aliondoa mguu kwenye cherehani. Nambari ya kituo alikuwa nayo tangu siku za kampeni. Alipiga mara nyingi kabla ya kupokelewa.

"Mimi ndiye huyo mama," alisema hewani. "Sheria haijalipa chochote. Ni wewe unalipa, Mheshimiwa, ili ninyamaze. Na tulikuwa wawili. Mama wa mwenzangu amekufa. Aliitwa Mama Abdiya. Waambie watu na hiyo."

Mtangazaji alisema laini ina shida. Mwezi uliofuata msaidizi wa mbunge hakupokea simu, na malipo yakakoma.

Ndugu za Munyao walikuja na hasira, wakamwambia Mutindi amemuua mtu kwa mdomo. Munyao aliwasikiliza mpaka wakaondoka. Yeye mwenyewe aliisikia simu ile, kwa maana alikuwa nyumbani na redio.

"Ulisema ukweli," alimwambia mkewe. "Mimi pia ningesema hivyo. Lakini ungeniuliza kwanza. Mwili ni wangu."

Walikubaliana wauze kipande cha shamba cha chini, kile kinachopata maji ya mto, ambacho Munyao alikuwa amemwekea mtoto wao Nzau. Mnunuzi alikuwa Kaloki, mfanyabiashara wa nyanya. Bima ya mwaka ililipwa. Mwaka ujao utakuja na yake, na cha kuuza kitakuwa hiki cha juu chenye nyumba.

Siku ya kuweka mpaka, Munyao alikataa mtu mwingine apange mawe. Alitembea hadi chini akipumzika njiani, akajaribu kuinua jiwe la kwanza, likamshinda. Aliketi kwenye nyasi. Mutindi akakunja leso kiunoni, akaanza kuyabeba, naye mume wake akawa anamwelekeza kwa kidole: kushoto kidogo, hapo, ligandamize vizuri.